Wenye maduka Tarime na Serengeti wanahesabu mauzo, wanasahau mchango

Mfanyabiashara wa Tarime au Mugumu akiulizwa biashara inakwendaje, mara nyingi hujibu kwa kutaja mauzo. "Leo nimeuza laki nne na nusu," atasema, na anayemsikiliza ataridhika kwamba mambo si mabaya. Mwisho wa mwaka mtu huyo huyo anashindwa kulipa pango, anakopa ili ajaze rafu, na hatimaye anafunga duka akiwalaumu wateja, majirani au maofisa wa kodi. Akipekua madaftari yake anaweza kukuta kwamba mauzo hayakushuka hata kidogo. Kilichobadilika ni aina ya bidhaa alizokuwa akiuza, na jambo hilo hakuliandika popote.

Suala hili linawahusu wafanyabiashara wa nchi nzima, lakini wa wilaya za Tarime na Serengeti linawagusa zaidi kutokana na aina ya wateja walio nao. Tarime ina mpaka wa Sirari unaopakana na Isebania ya Kenya, ina wakulima wa kahawa, ndizi na mahindi wa nyanda za juu, na ina Nyamongo, ambako mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Serengeti, ambayo makao makuu yake ni Mugumu, ina wafugaji, wakulima wa pamba na tumbaku, pamoja na biashara zinazotegemea watalii wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kila kundi lina msimu wake wa fedha na lina vitu vyake linavyopenda kununua. Kwa sababu hiyo duka moja linaweza kuuza kiasi kile kile cha fedha mwezi Juni na mwezi Oktoba, likapata faida Juni na hasara Oktoba.

Bidhaa moja, hesabu moja

Kwa mwenye bidhaa moja hesabu ni nyepesi. Chukulia mwenye mashine ya kusaga nafaka anayetoza shilingi 1,500 kwa debe, na umeme wa kusaga debe hilo unamgharimu shilingi 500. Zinazobaki ni shilingi 1,000. Hizo ndizo wahasibu wanaziita mchango, kwa maana ya fedha ambazo kila debe linachangia katika kulipa gharama za kudumu. Neno hili lisichanganywe na michango ya harusi. Huu ni mchango wa bidhaa kwa duka lake lenyewe.

Gharama za kudumu ni zile ambazo hulipwa hata kama hakuna mteja aliyeingia: pango, mshahara, mlinzi, riba ya mkopo. Kama mwenye mashine analipa shilingi 600,000 za namna hiyo kwa mwezi, anahitaji kusaga madebe 600 ili arudishe gharama zake. Debe la 601 ndilo linaloanza kumpa faida, na akikomea debe la 599 bado yumo katika hasara. Hicho ndicho kiwango cha kurudisha gharama, yaani mahali ambapo biashara haipati faida wala hasara.

Wenye mashine wengi wanaijua hesabu hii kichwani hata kama hawajui jina lake. Taabu huanza kwa mwenye duka la mchanganyiko anayeuza saruji, sukari, vitenge, mafuta, misumari na sabuni chini ya paa moja. Pango ni moja na mlinzi ni mmoja, lakini kila bidhaa ina mchango wake. Mtu huyo akiuliza, "Niuze kiasi gani nirudishe gharama?" hakuna jibu moja mpaka aseme kwanza anauza nini kwa wingi kuliko kingine.

Fungu la mauzo

Njia inayofundishwa vyuoni ni ya kuunganisha bidhaa katika fungu moja kwa uwiano zinavyouzwa, kisha fungu hilo likahesabiwa kana kwamba ni bidhaa moja. Mfano ufuatao ni wa kufundishia, nao una bidhaa tatu tu ili hesabu ionekane wazi.

Duka linauza mfuko wa saruji kwa shilingi 18,000. Kuununua, kuusafirisha na kuushusha ni shilingi 17,000, hivyo mchango ni shilingi 1,000. Mfuko wa sukari wa kilo 25 unauzwa shilingi 70,000 na unagharimu shilingi 67,000, kwa hiyo mchango wake ni shilingi 3,000. Doti ya kitenge inauzwa shilingi 15,000 na inagharimu shilingi 10,000, ikichangia shilingi 5,000.

Gharama za kudumu za mwezi ni pango shilingi 250,000, mishahara ya wauzaji wawili 500,000, mlinzi 150,000, umeme, maji na simu 80,000, riba ya mkopo 160,000, na leseni, ushuru na tozo nyingine 120,000. Jumla ni shilingi 1,260,000.

Daftari linaonyesha kwamba kwa kawaida, kila inapouzwa mifuko 10 ya saruji, huuzwa pia mifuko 2 ya sukari na doti 4 za vitenge. Hilo ndilo fungu. Saruji ya fungu inachangia shilingi 10,000, sukari 6,000 na vitenge 20,000. Fungu zima linachangia shilingi 36,000 na linauzwa kwa shilingi 380,000.

Gawanya 1,260,000 kwa 36,000. Jibu ni mafungu 35. Kwa maana hiyo duka litarudisha gharama zake likiuza mifuko 350 ya saruji, mifuko 70 ya sukari na doti 140 za vitenge, jumla ya mauzo ya shilingi 13,300,000 kwa mwezi.

Ukiitazama jumla hiyo kwa makini utaona jambo ambalo droo ya fedha haliwezi kulionyesha. Saruji imeleta mauzo ya shilingi 6,300,000, sukari 4,900,000 na vitenge 2,100,000 tu. Kwa macho ya muuzaji, vitenge ni bidhaa ndogo ya pembeni, kwani ni chini ya shilingi 16 katika kila shilingi 100 za mauzo. Lakini katika mchango, vitenge vimeleta shilingi 700,000, saruji 350,000 na sukari 210,000. Zaidi ya nusu ya gharama za duka imelipwa na kona ya vitenge.

Mauzo yale yale, hasara

Sasa chukulia mwezi unaofuata duka hilo limeuza tena shilingi 13,300,000 kamili. Saruji imebaki mifuko 350. Vitenge vimeshuka kutoka doti 140 hadi 70, na pengo limezibwa na sukari iliyopanda kutoka mifuko 70 hadi 85. Mwenye duka akifunga mahesabu jioni ya mwisho wa mwezi atasema hali ni ile ile.

Hali si ile ile. Saruji imechangia shilingi 350,000, sukari 255,000 na vitenge 350,000. Jumla ni shilingi 955,000, wakati gharama za kudumu bado ni 1,260,000. Duka limepata hasara ya shilingi 305,000 bila mauzo kupungua hata senti.

Kwa mchanganyiko huo mpya, kiwango cha kurudisha gharama kimehama kutoka shilingi milioni 13.3 hadi takribani shilingi milioni 17.5. Mwenye duka anatakiwa kuuza zaidi ya milioni nne za ziada kwa mwezi, na ili auze hivyo lazima anunue mzigo zaidi, atafute mtaji zaidi na pengine akope tena, ili tu arudi mahali ambapo hapati kitu. Riba ya mkopo huo mpya nayo itaingia katika gharama za kudumu na kukisogeza kiwango mbele zaidi. Ndivyo duka linavyoweza kukua kwa mauzo huku likielekea kufungwa.

Hatari inazidi nyakati ngumu. Fedha zinapoadimika, mama wa nyumbani haachi kununua sukari na chumvi. Anaahirisha kitenge. Anayejenga anaahirisha rangi na vitasa, lakini anaweza kuendelea kununua saruji kidogo kidogo. Bidhaa zenye mchango mkubwa ndizo zinazoachwa kwanza. Katika mfano huu, vitenge vikishuka kwa nusu bila kitu kingine kuongezeka, mauzo yanapungua kwa chini ya asilimia 8, kiasi ambacho muuzaji anaweza asikitambue. Mchango unapungua kwa karibu asilimia 28. Sukari ikishuka kwa nusu, mauzo yanaanguka kwa zaidi ya asilimia 18 na kila mtu dukani anashtuka, ingawa mchango umepungua kwa asilimia 8 tu. Anayepima kwa mauzo atakuwa na hofu mwezi usiostahili hofu, na atalala usingizi mwezi wa hatari.

Makosa mawili ya kawaida

Kosa la kwanza ni la wastani. Mwenye duka husema saruji inampa karibu shilingi 5.50 katika kila shilingi 100 za mauzo, sukari 4.30 na vitenge 33.30. Anajumlisha, anagawanya kwa tatu, anapata kiasi cha shilingi 14.40, kisha anajiwekea lengo la mauzo ya shilingi milioni 8.75 kwa mwezi. Lengo hilo ni la uongo. Limechukulia kwamba kila bidhaa inaleta theluthi ya mauzo, jambo ambalo halipo. Kila kiwango lazima kipimwe kwa uzito wa bidhaa yenyewe katika mauzo. Ikifanywa hivyo, duka zima linabakiwa na shilingi 9.47 katika kila 100, na lengo sahihi ni zile milioni 13.3. Mwenye kutumia wastani wa kubahatisha atasherehekea nusu ya pili ya mwezi, wakati bado ana pengo la zaidi ya shilingi milioni nne na nusu za mauzo.

Kosa la pili ni la kugawa pango. Mwenye duka huchukua gharama za kudumu shilingi 1,260,000 na kuzigawa sawa kwa bidhaa tatu, kila moja 420,000. Akitazama sukari anaona inachangia 210,000 tu, basi anasema sukari inampa hasara ya shilingi 210,000 na kuamua kuiondoa. Mwezi unaofuata pango halipungui, mlinzi hapunguzi mshahara wake, na benki haisamehi riba. Michango iliyobaki ni shilingi 1,050,000, na duka lililokuwa linarudisha gharama sasa linapata hasara ya shilingi 210,000. Juu ya hayo, mteja aliyekuwa akiingia kwa ajili ya sukari na kutoka na kitenge ameshahamia duka la jirani.

Hata hivyo, isije ikaeleweka kwamba bidhaa yenye mchango wowote ibakizwe tu. Liko swali la mtaji. Mifuko 70 ya sukari inanunuliwa kwa shilingi 4,690,000 ili ilete mchango wa shilingi 210,000. Kama mzigo huo unaisha na kununuliwa upya kila wiki, fedha zinazolala ndani yake kwa wakati mmoja ni kiasi cha shilingi 1,170,000, nalo ni jambo la kuvumilika. Kama mfanyabiashara ananunua wa mwezi mzima mara moja, au anatoa mali kauli kwa wateja wanaolipa baada ya siku 40, sukari hiyo inambana kuliko inavyomsaidia. Pale mtaji unapokuwa mfinyu, bidhaa zilinganishwe kwa mchango wa kila shilingi iliyolala ndani yake.

Mpaka, hifadhi na msimu

Mfano wa Sirari unaonyesha jinsi mchanganyiko unavyoweza kubadilika ghafla bila kosa la mwenye duka. Machi 5, 2021, Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa maelezo kwamba yalikutwa na sumukuvu kupita kiwango. Zuio hilo lililegezwa siku chache baadaye kwa masharti, likiwemo la mzigo kuwa na cheti cha kupimwa. Kwa mfanyabiashara wa mpakani anayenunua mahindi vijijini na papo hapo ana duka la bidhaa mchanganyiko, zuio la namna hiyo linampiga mara mbili. Kwanza anakosa mchango wa mahindi. Pili, mkulima ambaye mahindi yake hayakununuliwa haji kununua blanketi wala kitenge. Anakuja kuchukua sukari nusu kilo na kiberiti. Hesabu ya mwezi uliopita haimfai tena, na anayeingoja hadi mwisho wa mwaka ataijua hasara baada ya kuimaliza.

Sukari nayo ina somo lake. Januari 2024, baada ya mvua kubwa kuvuruga uzalishaji viwandani na sukari kuadimika, Bodi ya Sukari Tanzania ilitangaza bei elekezi. Bei elekezi inamlinda mlaji, na hilo ni jema. Lakini duka la wilayani, lililo mbali na viwanda, hubeba gharama za usafiri ambazo huamua kama mchango wa sukari utakuwa shilingi 3,000, 1,000 au sifuri. Mfanyabiashara anayeuza sukari kwa mchango sifuri ili asipoteze wateja hajakosea, mradi ajue kwamba katika hesabu ya kurudisha gharama sukari hiyo haipo, na kwamba saruji na vitenge vinatakiwa kubeba sehemu yake.

Kwa upande wa Serengeti, mwaka 2020 uliacha funzo ambalo wenye nyumba za wageni wa Mugumu wasilisahau. Watalii wa kimataifa walioingia nchini walikuwa 1,527,230 mwaka 2019. Mwaka 2020, kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19, walikuwa 620,867. Nyumba ya wageni nayo ni biashara ya bidhaa nyingi: vyumba, chakula na vinywaji. Chukulia chumba kinatozwa shilingi 30,000, na kufua mashuka, sabuni na chai ya asubuhi vinagharimu shilingi 6,000. Mchango ni shilingi 24,000. Sahani ya chakula inauzwa shilingi 5,000 na inaacha shilingi 1,500. Chumba kimoja kisipopata mgeni, jikoni linatakiwa kuuza sahani 16 za ziada ili kuziba pengo. Sahani 16 ni mauzo ya shilingi 80,000 yanayochukua nafasi ya shilingi 30,000. Mwenye nyumba anayejivunia kwamba mgahawa umejaa wakati vyumba viko wazi, anashangilia mauzo makubwa yenye mchango mdogo.

Msimu nao una nguvu yake. Ununuzi wa pamba kwa kawaida hufunguliwa Mei, na fedha za pamba zikiingia vijijini huongeza ununuzi wa mabati, nguo na baiskeli. Desemba kuna sikukuu, na kwa Wakurya kuna sherehe za tohara ya vijana wa kiume, ambapo sukari, soda, mablanketi na vitenge hununuliwa kwa wingi. Kwa hiyo mwenye duka wa wilaya hizi asiwe na fungu moja la mwaka mzima. Awe na mafungu mawili au matatu: la msimu wa fedha, la kipindi cha kiangazi cha mifuko, na la sikukuu. Kila fungu litampa kiwango chake cha kurudisha gharama, naye atajua mapema ni miezi ipi lazima iibebe mingine.

Kodi inayofuata mauzo

Liko jambo jingine ambalo wengi hulipuuza. Mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi ya makadirio hupimwa kwa mauzo ya mwaka, bila kuulizwa faida. Kodi inayopanda kadiri mauzo yanavyopanda haina tabia ya pango. Inafanana na nauli ya mzigo, kwa sababu kila mfuko unaouzwa unaikuza. Hivyo inatakiwa kuondolewa katika mchango wa kila bidhaa kabla ya kupiga hesabu.

Chukulia kwa mfano kiwango cha shilingi 3 katika kila shilingi 100 za mauzo. Mfuko wa sukari wa shilingi 70,000 utadaiwa shilingi 2,100, na mchango wake utashuka kutoka shilingi 3,000 hadi 900. Saruji itabakiwa na shilingi 460 kutoka 1,000. Kitenge kitabakiwa na shilingi 4,550 kutoka 5,000. Kodi ni ile ile kwa kila shilingi ya mauzo, lakini imekula asilimia 70 ya mchango wa sukari na asilimia 9 tu ya mchango wa kitenge.

Hapa ndipo jumuiya za wafanyabiashara zina hoja ya haki, nazo zingesikilizwa zaidi kama zingeifikisha kwa tarakimu kuliko kwa malalamiko. Muuza chakula cha msingi, ambaye mchango wake ni mdogo na mauzo yake ni makubwa, anabeba mzigo mzito kuliko muuza nguo mwenye mauzo yale yale. Anayekwenda kwenye kikao cha maofisa wa kodi bila daftari la mchango atarudi kama alivyokwenda.

Daftari la kurasa tatu

Wapo watakaosema hesabu hii ni ya vyuoni, kwamba duka lina bidhaa 300 na bei ni za kupatana, hivyo haiwezekani kuandika mchango wa kila kitu. Pingamizi hilo lina ukweli, lakini lina dawa. Hakuna haja ya kuandika bidhaa 300. Inatosha kuzigawa katika makundi matatu: zenye mchango mdogo, kama sukari, unga na saruji, zenye mchango wa kati, kama sabuni, mafuta na misumari, na zenye mchango mkubwa, kama vitenge, rangi na vyombo. Kila kundi lipewe ukurasa wake, na mauzo ya siku yaandikwe katika kundi lake. Mashine ya risiti ikitoa jumla ya siku, jumla hiyo ilinganishwe na kurasa tatu.

Mwisho wa wiki, mauzo ya kila kundi yazidishwe kwa kiwango chake cha mchango, kisha majibu yajumlishwe. Jumla hiyo ilinganishwe na robo ya gharama za kudumu za mwezi. Ikiwa inazidi, wiki imelipa. Ikiwa haifiki, mwenye duka anazo wiki zilizobaki za kurekebisha mambo: kuziweka bidhaa zenye mchango mahali zinapoonekana, kupunguza punguzo la bei lisilo la lazima, au kuacha kuagiza tani nyingine ya saruji kwa mkopo.

Kuhusu bei za kupatana, kila mwezi achukuliwe wastani wa bei halisi zilizolipwa, maana bei ya kwanza inayotajwa haiingii mfukoni. Punguzo la shilingi 1,000 kwenye kitenge linapunguza bei kwa chini ya asilimia 7, lakini linaondoa moja ya tano ya mchango wake. Muuzaji aliyeajiriwa ambaye hajaelezwa hili atatoa punguzo kwa moyo mweupe akidhani anavuta wateja.

Ikumbukwe pia kwamba gharama za kudumu hazidumu milele. Duka likihitaji mfanyakazi wa tatu au stoo ya pili, hesabu inaanza upya kwa jumla mpya. Bila kufanya hivyo mfanyabiashara atapanua biashara kwa kutumia kiwango cha zamani.

Kwa anayenunua biashara

Wenye fedha kidogo za kuwekeza nao wana la kujifunza. Anayeuziwa duka linalofanya kazi Nyamongo au Mugumu huonyeshwa mauzo ya miezi sita na kuambiwa bei. Aombe mchanganyiko. Maduka mawili ya mfano uliotangulia yaliuza shilingi 13,300,000 kila moja kwa mwezi, na moja lilirudisha gharama huku la pili likipoteza shilingi 305,000. Karatasi ya mauzo haiwezi kuyatofautisha. Maofisa mikopo wa benki na SACCOS wanaokadiria uwezo wa mkopaji kwa mauzo peke yake wanajitakia mikopo mibaya. Hata mnunuzi wa hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, akisoma kwamba mauzo ya kampuni yamepanda aulize ni bidhaa zipi zilizopanda.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye maduka wengi wa Tarime na Serengeti wanalo daftari, nalo linawapa habari moja tu, ile ya mauzo. Kurasa mbili zaidi, kalamu na nusu saa kila Jumapili vinatosha kuwapa habari iliyobaki kabla mwenye nyumba hajaja kudai pango.